Kwotabeki bora wa muda wote: mimi simtaji Brady wala Mahomes. Povu ruksa

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Najua humu jukwaani mpira ni Simba na Yanga, Gor na Ingwe, basi. Ila tupo wengi huku ughaibuni ambao baada ya miaka ya kubeba maboksi tumejikuta tunaujua mpira wa Kimarekani kuliko tulivyotarajia. Na wapo wenzetu Dar na Nairobi wanaokesha usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane na nusu, kuangalia Super Bowl, fainali ya ligi yao ya NFL, kisha wanaingia kazini macho mekundu. Uzi huu ni wetu.

Kwa asiyeujua mchezo, kwa ufupi: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikizipata inaongezewa manne mengine, ikizikosa mpira unakwenda kwa mpinzani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila jaribio linapoanza, na ana kama sekunde tatu za kuamua arushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe, huku mijitu ya kilo 130 inamjia kumlaza chini. Akikosea, uwanja mzima unaona kosa ni la nani.

Sasa ukiuliza leo nani bora, tisa kwa kumi watasema Tom Brady. Wa kumi atasema Patrick Mahomes. Nawaheshimu wote wawili. Ninachokataa ni watu kuchukua yadi za mwaka 2021 wakaziweka kwenye mizani moja na yadi za mwaka 1959, halafu wakatangaza mshindi.

Mwaka 1978 ndio wa kuukumbuka. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mlinzi aliruhusiwa kumgonga mdakaji njia nzima mpaka mpira uwe hewani. Mel Blount wa Pittsburgh Steelers alikuwa anawakaba wadakaji mpaka ligi ikaona mchezo unakufa, ikaweka sheria: ukipita yadi 5 toka mstari wa kuanzia, marufuku kumgusa. Mwaka huohuo wale mabaunsa wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kusukuma kwa viganja vilivyofunguka. Kwa hiyo kwotabeki akaongezewa muda wa kusimama, na mdakaji wake akaachiwa barabara. Miaka sita baadaye Dan Marino akarusha yadi 5,084 na tachidauni 48 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani) katika msimu mmoja. Nampenda Marino, ila hesabu ile isingewezekana mwaka 1974.

Mwaka 2004 waamuzi wakaagizwa kuibana zaidi sheria ileile, na msimu huohuo Peyton Manning akafikisha tachidauni 49. Mwaka 2008 Brady aliumizwa goti kwenye mechi ya kwanza ya msimu, na msimu uliofuata ikakatazwa mlinzi aliyekwisha kuanguka kujirusha kwenye miguu ya kwotabeki. Wapo wanaoiita sheria ya Brady mpaka leo.

Na kuna moja watu hawaizungumzii. Tangu 1994 kwotabeki ana redio ndani ya helmeti. Kocha anamwambia jaribio gani lichezwe, anamnong'oneza hadi saa ya kuhesabu inapobaki sekunde 15. Zamani mwamba alikuwa anaingia kwenye duara na wenzake kumi, anawatazama usoni, na yeye mwenyewe anaamua tunacheza nini. Si wote, maana Paul Brown kule Cleveland alikuwa anapenyeza maagizo kwa kubadilisha wachezaji kila jaribio, lakini wale wakubwa walikuwa wanajiamulia.

Ndiyo maana kipimo changu kina vitu viwili tu. Kwanza, aliwaacha wa zama zake umbali gani? Pili, kazi kiasi gani ilikuwa kichwani mwake mwenyewe?

Kwa kipimo hicho mtu wangu ni Johnny Unitas.

Mtasema nimenunuliwa kwa sababu naishi Baltimore. Sawa. Ghalani kwetu kuna wazee ambao ukitaja Machi 1984, usiku ule malori ya Mayflower yalipoihamisha timu yetu ya Colts gizani kwenda Indianapolis, wanaacha kula. Wao ndio walionisimulia, na Unitas mwenyewe hakutaka kabisa kuhusishwa na ile Colts ya Indianapolis. Baadaye nikaenda kusoma, nikakuta wazee hawakutia chumvi nyingi.

Steelers walimchukua raundi ya 9 ya drafti (timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) mwaka 1955, wakamtema kabla ligi haijaanza. Akaenda kufanya kazi ya ujenzi, na kwenye mapumziko ya wiki anacheza timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kwa mechi. Mwaka 1956 Colts wakamwokota. Kwotabeki wao George Shaw akaumia katikati ya mechi na Chicago Bears, Unitas akaingia, na pasi yake ya kwanza siku hiyo ikanaswa na Bears wakakimbia nayo hadi tachidauni. Wengine hapo ndipo hadithi ingeishia.

Lakini mwaka huohuo ikaanza ile safari ya mechi 47 mfululizo za kurusha angalau tachidauni moja, ikaja kukatika 1960. Rekodi hiyo ilidumu hadi Drew Brees alipoivunja Oktoba 2012. Fikirieni: walinzi wamebanwa 1978, wamebanwa tena 2004, redio imeingia, na bado ilichukua miaka 52.

Halafu tarehe 28 Desemba 1958, fainali Yankee Stadium dhidi ya New York Giants. Colts wako nyuma 17–14, zimebaki chini ya dakika mbili, mpira uko yadi ya 14 upande wao. Unitas akampa Raymond Berry pasi tatu mfululizo, yadi 62. Steve Myhra akapiga bao la teke zikiwa zimebaki sekunde 7. Muda wa nyongeza, wa kwanza katika historia ya fainali za NFL. Akaipeleka timu yadi 80 kwa majaribio 13 na Alan Ameche akamalizia, 23–17. Hakuna kocha sikioni. Watu wanaoangalia NFL ya leo wanaona kwotabeki anakimbizana na saa dakika mbili za mwisho wanadhani mchezo ulizaliwa hivyo. Ule mwendo tulifundishwa siku ile.

Nawasilisha. Njooni na hoja, matusi wekeni akiba kwa ajili ya dabi.

Pete Saba

Mkuu umeandika vizuri, ila umeandika kumkwepa mtu. Nipo Boston, nitakujibu kwa utulivu.

Brady ana ubingwa wa Super Bowl mara 7. Hakuna KLABU yenye saba. Patriots wetu wana 6, Steelers 6. Mtu mmoja ameipita kila klabu katika historia ya Super Bowl! Alichaguliwa wa 199 kwenye drafti ya 2000, kwa hiyo hiyo hadithi yako ya kuokotwa jalalani na sisi tunayo. Na alikwenda Tampa Bay akiwa na miaka 42, bila kocha wake Belichick, akachukua msimu wa kwanza tu.

Unitas mechi 47? Sawa. Super Bowl ya 51 tuko nyuma 28–3 dhidi ya Atlanta Falcons, robo ya tatu. Tukashinda 34–28. Hapo redio haikusaidii kitu, mkuu, unasaidiwa na roho.

Tena hujasema jambo moja. Ligi ya Unitas mwaka 1958 ilikuwa na timu 12. Ukiongoza kundi lako unaingia fainali moja kwa moja, mechi moja, umemaliza. Brady alikuwa anapambana na timu 30 au 31 nyingine, ukomo wa mishahara unambana tangu siku ya kwanza, na mtoano wa mechi tatu au nne. Ameshinda mechi 35 za mtoano. Tachidauni 649 kwa pasi 212 zilizonaswa. Unitas wako 290 kwa 253. Mia mbili hamsini na tatu! Huyo alikuwa anagawa mpira kama pipi.

Mtoto wa Temeke

Nyie watu mnashika mpira kwa mikono halafu mnaita football. Nimekaa pale, endeleeni.

Shemeji wa Kansas City

Kaka zangu, ngoja dada yenu niingie. Mume wangu ni wa hapa, nimeolewa pamoja na timu.

Kama kipimo ni kuwaacha wa zama zako, mbona mnapita mbali? Mahomes amekuwa kwotabeki namba moja wa Chiefs kuanzia 2018, na misimu yake 7 ya mwanzo yote amefika fainali ya AFC (nusu moja ya ligi, mshindi wake ndiye anayekwenda Super Bowl). Yote saba. Super Bowl tano, kachukua tatu. Ile ya 58 dhidi ya 49ers, muda wa nyongeza, wako mbele kwa pointi 3, yeye akaitembeza timu yadi 75 hadi tachidauni, 25–22. Na ile mechi ya Buffalo Bills Januari 2022, zimebaki sekunde 13, watu wameshaanza kutoka kwenye viti, akaifikisha timu mahali pa kupiga teke la kusawazisha. Sekunde kumi na tatu! Hata maji ya chai hayajapata joto.

Na anarusha pasi kwa namna ambazo Unitas na Brady hawakuzijua: anakimbilia pembeni, mkono chini ya bega, bila hata kuangalia. Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli, pengine ni damu.

Pete Saba

Shem, heshima yako. Ila fainali ya AFC Januari 2019, nyumbani kwenu Arrowhead, 37–31, nani alishinda? Super Bowl ya 55, 31–9, nani alishinda? Mara zote mbili ni yuleyule mzee.

Shemeji wa Kansas City

Ile ya 31–9 ukuta wetu ulikuwa na mapengo, mabeki wa pembeni wote wawili majeruhi, Mahomes alikuwa anakimbia kuokoa maisha. Kuna pasi aliirusha akiwa hewani, mwili umelala sambamba na nyasi, ikamgonga mwenzie usoni ndani ya eneo la tachidauni. Pasi bora niliyowahi kuiona ni pasi iliyokosa. Unitas wenu awekeni kwenye makumbusho.

Babu wa Oakland

Vijana mnanichekesha. Nimekaa California tangu mkiwa hamjazaliwa.

Mnahesabu Super Bowl alizocheza mtu, mbona hamhesabu alizopoteza? Brady kapoteza tatu, mbili kwa Eli Manning yuleyule wa Giants. Mahomes kapoteza mbili, na ya pili Eagles waliwapiga 40–22 baada ya kuwa mbele kwa mbali sana. Joe Montana wa 49ers wetu alikwenda mara 4, akashinda 4. Katika hizo nne alirusha tachidauni 11. Pasi zilizonaswa: sifuri. Sifuri, wanangu, katika pasi 122.

Januari 1989, Miami, Super Bowl ya 23. Bengals wako mbele 16–13, zimebaki dakika tatu na sekunde kumi, mpira uko yadi ya 8 upande wetu. Wachezaji wenzake wanatetemeka. Montana anatazama jukwaani anawaambia, yule si John Candy, mchekeshaji? Halafu akaanza kuitembeza. Yadi 92. Zikiwa zimebaki sekunde 34 akampa John Taylor, tukashinda 20–16. Mtu anayeweza kuona mchekeshaji jukwaani wakati kama ule mimi sihitaji takwimu zake nyingine.

Mleta uzi, Unitas ni mkubwa, ila Super Bowl yake moja, ile ya 5, aliumia na Earl Morrall ndiye aliyemaliza. Na ile ya 3 alianzia benchi, Joe Namath wa New York Jets akawadhalilisha 16–7.

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Ile ya 3 Unitas alikuwa na kiwiko kibovu msimu mzima, na alipoingizwa mwishoni ndiye aliyeleta tachidauni pekee ya Colts. Ila Montana sina neno baya la kumsema. Nitasema tu alikuwa na kocha Bill Walsh, aliyeuchora mchezo mzima kwa pasi fupi fupi za haraka zinazokwenda kwa saa, na akaja kuwa na mdakaji Jerry Rice. Sheria za 1978 alizikuta mlangoni alipoingia ligi 1979. Ni kama alikuwa anasubiriwa.

Pete Saba, timu 12 ni hoja nzuri, na umeikosea njia. Timu zikiwa chache, vipaji vinasongamana: kila wiki unakutana na ulinzi uliojaa wababe, hakuna timu ya kupumzikia. Na hizo 253 zilinaswa wakati mdakaji wako anapigwa ngwala katikati ya uwanja na mwamuzi anaangalia. Mwaka 1959 alirusha tachidauni 32 kwa mechi 12, zilizonaswa 14. Tafuta mwingine wa miaka ile aliyemkaribia, nakungoja.

Habari ya mipira iliyopunguzwa upepo na Brady kufungiwa mechi 4 mwaka 2016 sitaigusa, kwa sababu mimi ni mstaarabu.

Pete Saba

Umeigusa tayari.

Kijana wa Ngong Road

Wazee, sisi wa raga tuna lingine. Mnakumbuka Daniel Adongo? Mkenya, mchezaji wa raga, Indianapolis Colts wakamchukua 2013 bila kuwahi kucheza huu mchezo hata siku moja. Hakudumu, lakini aliingia uwanjani. Alikuwa mlinzi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuwaangusha hawa mnaowaabudu.

Sababu ya kuuliza: Waafrika na watoto wao wamejaa kwenye hiyo ligi kila namba. Mbona kwenye kwotabeki bora wa muda wote mmetaja mweusi mmoja tu, tena wa juzi?

Mwalimu wa Historia

Asante ndugu, nilikuwa nangoja mtu aulize. Na hapa ndipo hoja ya mleta uzi inapochechemea.

Unasema Unitas aliwaacha wa zama zake. Zama zake akina nani waliruhusiwa kushindana naye? Mwaka 1953 Willie Thrower aliingizwa kidogo na Chicago Bears, basi. Mpaka 1968 Marlin Briscoe akapata nafasi Denver Broncos kwa sababu ya majeruhi, akarusha tachidauni 14 akiwa mgeni wa ligi. Mwaka uliofuata hakupewa hata nafasi ya kugombea namba, akaenda Buffalo akageuzwa mdakaji. Imani ya makocha ilikuwa mtu mweusi ana miguu, hana kichwa cha kuongoza. Wavulana waliokuwa makwotabeki vyuoni walifika ligi wakaambiwa wewe utakuwa mdakaji, wewe mlinzi.

Warren Moon aliibuka mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, ya Januari 1978. Kwenye drafti ya mwaka huo hakuchaguliwa na timu yoyote. Akaenda Kanada, Edmonton, akachukua Grey Cup, ubingwa wa Kanada, tano mfululizo. Houston Oilers wakamwita 1984, yuko karibu miaka 28, na bado akaja kurusha yadi 49,325 NFL. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia kwenye ukumbi wa magwiji wa Canton. Jumlisha miaka sita aliyoibiwa, halafu nipangieni orodha yenu upya.

Na Doug Williams, Super Bowl ya 22, Januari 1988: robo ya pili peke yake alirusha tachidauni 4, Washington wakamzika John Elway 42–10. Ilibidi ifike Februari 2023 ndipo tuone makwotabeki wawili weusi wakianza Super Bowl moja, Mahomes na Jalen Hurts.

Kwa hiyo ukipima mtu kwa umbali aliowaacha wenzake, angalia kwanza nani alizuiwa getini.

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Mwalimu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na Pete Saba alipaswa kuja nayo badala ya kunihesabia pete.

Ukiipokea yote kama ilivyo, hakuna wa kabla ya miaka ya 80 anayesimama. Otto Graham na fainali zake 10 ndani ya misimu 10, saba kashinda, aende nje. Bart Starr na ubingwa wake mara tano, nje. Sammy Baugh, ambaye mwaka 1943 aliongoza ligi kwa kurusha, kwa kupiga teke, na kwa kunasa pasi za wengine, wote nje. Mimi siwezi kufika huko. Ninachokubali ni hiki: Unitas alikuwa bora kuliko walioruhusiwa, na hakuna anayeweza kusema zaidi ya hapo kuhusu miaka ile. Moon kwangu yuko juu ya Marino na juu ya Favre, na hilo nitalipigania hapa ghalani kesho.

Ila ile sehemu ya pili ya kipimo bado imesimama. Kazi ya kichwani. Nipeni kwotabeki wa leo anayeamua mwenyewe mchezo mzima.

Shemeji wa Kansas City

Peyton Manning. Alikuwa anafika kwenye mstari anaangalia ulinzi, anabadilisha kila kitu kwa makelele na vidole. MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, mara tano. Ona sasa, mimi wa Chiefs namtetea mtu aliyechezea Broncos. Mungu anisamehe.

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Dada, hapo umenipata pabaya. Manning ndiye wa mwisho niliyemwona anafanya kazi ya Unitas. Angekuwa na nusu ya utulivu wa Montana kwenye baridi la Januari, uzi huu ungekuwa wake.

Mtoto wa Temeke

Nimesoma yote. Sasa mimi mgeni nikitaka kuangalia mechi moja ya kuanzia, niangalie ipi?

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Usianze na ya 1958, kilichobaki ni vipande vya filamu vyeusi na vyeupe, utachoka kabla hujaelewa. Anza na Super Bowl ya 23, dakika tatu za mwisho. Ukishaelewa yadi 10 na majaribio manne, nenda kwenye ile ya 51 uanzie robo ya tatu. Zote ziko YouTube.

Babu wa Oakland

Kwa hiyo mgeni anaanza na Montana, halafu Brady. Unitas wako hayumo. Uzi ufungwe.

Mbeba Boksi wa Baltimore (mleta uzi)

Mzee wangu, nimemwambia mahali pa kuanzia. Sijamwambia nani bora. Hilo liko posti ya kwanza.

Pete Saba

Imeandikwa ya pili ni Brady. Nimepiga picha.